Ndege Wasio na Mabawa: Dar hadi Matema kwa Masikio

Ijumaa. Dar es Salaam, kisha giza

Gurudumu la mbele la toroli lilikuwa limeishiwa grisi. Mpagazi alilisukuma toka getini hadi mlango wa jukwaa, na kila lilipomaliza mzunguko lilitoa sauti mbili, ya juu kisha ya chini: tswii-tsu, tswii-tsu. Waliokaa kwenye mabenchi hawakugeuka. Stesheni ya TAZARA ni jengo kubwa lenye mwangwi wake, na makelele ya mizigo humezwa humo humo. Nikafungua daftari.

Daftari lenyewe lina utaratibu. Kila ukurasa nimeupiga mstari katikati. Kushoto naandika sauti yoyote inayofanana na ya ndege lakini haikutoka kooni mwa ndege. Kulia naandika safari iliyonijia kichwani nilipoisikia. Picha za safari ninazo tele, na kusema kweli sizitazami. Sauti sikuwahi kurekodi hata moja, nazo ndizo zinazonirudia bila kuitwa, tena nikiwa nashughulika na mambo mengine kabisa. Safari hii ya treni hadi Mbeya, kisha kushuka Ziwa Nyasa, nataka nizisubiri nikiwa na kalamu mkononi.

Toroli likaenda kushoto. Kulia nikaandika Kyoto.

Kasri la Nijo lilianza kujengwa mwanzoni mwa miaka ya 1600 kwa amri ya Tokugawa Ieyasu. Ndani yake, kwenye jengo la Ninomaru, kuna varanda za mbao zinazolia ukizikanyaga. Wajapani wanaziita kwa jina la uguisu, ndege mdogo wa vichakani ambaye kwao wimbo wake unatangaza kwamba baridi imeisha. Unavua viatu mlangoni, unatembea na soksi, na kila hatua inatoa mlio mwembamba chini ya unyayo. Ukiwa peke yako ni ndege mmoja anayekufuata. Wakiingia wanafunzi wa shule na mwalimu wao, varanda nzima inachachamaa. Chini ya mbao kuna vibanio vya chuma vilivyopigiliwa misumari. Ubao ukibonyea, msumari unasuguana na kibanio, basi. Watalii wanapenda kusikia kwamba mafundi waliutega mlio huo makusudi ili mwuaji asimnyemelee bwana wa kasri usiku. Maelezo mengine, yasiyouza sana, ni kwamba misumari imelegea kwa miaka mingi ya kukanyagwa. Mimi niko upande wa misumari iliyolegea. Mtego ni kazi ya mtu mwenye hofu. Sakafu iliyozeeka hadi ikaanza kuimba yenyewe ndiyo iliyonifanya niizunguke mara ya pili hali wenzangu wananisubiri nje.

Nilipoinua macho, mpagazi alishafika kwenye behewa langu na kulikuwa kimya.

Treni ilitoka jijini mchana ukiwa umeanza kulegea. Ukitaka wanyama, kaa dirishani kabla giza halijaingia, kwa sababu reli inakatiza eneo ambalo zamani lilikuwa Pori la Akiba la Selous na ambalo sehemu yake kubwa tangu 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Tuliona twiga wakitafuna huku wakitutazama. Watoto wa chumba cha jirani walipiga kelele kila walipoona kichaka kinatikisika.

Kwenye kituo kimoja kidogo tulisimama, injini ikapungua, na chini ya behewa kukaanza kitu: ting... ting, ting... ting. Breki zilikuwa zinapoa. Chuma kilichopanuka kwa joto kinajikunja, na kinapojikunja kinaruka kidogo kidogo badala ya kurudi taratibu. Kuna ndege wa kando ya maji, mweusi na mweupe na kijivu, mwenye miguu mirefu, ambaye vitabu vya Kiingereza vinamwita mhunzi kwa sababu mlio wake ni wa nyundo ndogo juu ya fuawe. Upande wa kulia nikaandika: Ziwa Manyara, jua la saa tano, dereva amezima gari, mhunzi anatufukuza kwenye kiota chake kilichokuwa ardhini wazi karibu na barabara.

Usiku, mahali fulani kwenye bonde la Kilombero, sauti nyingine. Ping moja safi, kila baada ya nukta kadhaa, kutoka kwenye miti nje ya dirisha. Dada wa kitanda cha chini aliinua kichwa: "Huyo ndege halali?" Ni popo. Popo wa matunda madume hukaa wakining'inia na kuita majike kwa sauti hiyo, usiku kucha. Haikunirudisha msituni, ilinirudisha Unguja, kwa muuza kahawa anayepita vichochoroni akigonganisha vikombe vya udongo mkononi ili watu wajue yupo. Unamsikia muda mrefu kabla hujamwona, na mara nyingine humwoni kabisa.

Jumamosi. Mlimba, Makambako, Mbeya

Hii ndiyo siku niliyoijia.

Kati ya Mlimba na Makambako reli inaacha bonde na kupanda nyanda za juu. Kwenye ramani ni sehemu fupi tu ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia, lakini ndipo walipotokwa jasho walioijenga. Ujenzi ulianza 1970, mataruma na reli vikafika mwisho 1975, na kipande hiki peke yake kimebeba sehemu kubwa ya mahandaki ya njia nzima, pamoja na madaraja marefu yanayovuka mabonde ambayo ukitazama chini unaona vilele vya miti. Kwa jicho ni mandhari. Kwa sikio ni kona tupu, na kona ndiyo inayozaa ndege.

Nilikwenda behewa la chakula mapema. Meza zote zilikuwa na watu isipokuwa moja, na pale alikaa mzee mwenye kofia ya sufu, glasi ya chai mbele yake.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Kaa, hapa hapana mtu." Alitazama daftari. "Unaandika nini asubuhi yote hii?"

"Sauti za ndege."

"Ndege gani? Madirisha yamefungwa."

"Hao wa chini ya behewa."

Alicheka mpaka akaiweka chai mezani. Alikuwa fundi wa njia, kwenye genge la matengenezo, na alistaafu siku nyingi. Anakwenda Makambako kwenye harusi ya mjukuu. "Basi subiri tuanze kupanda," akasema. "Leo utajaza kitabu."

Tulipoingia kona ya kwanza kali, ikaanza chini chini, halafu ikapanda hadi ikawa uzi mmoja mwembamba wa sauti: tsiiiiiii. Ikakatika. Ikarudi, juu kidogo kuliko mwanzo. Vijiko vikatetemeka kwenye visahani.

Mzee alinyoosha viganja viwili mezani kunionyesha. "Gari likikata kona, tairi la nje linakimbia kuliko la ndani. Ndiyo kazi ya difu. Treni haina difu. Magurudumu mawili yameshindiliwa kwenye ekseli moja, yanazunguka pamoja, hakuna linaloweza kumsubiri mwenzake. Kona ikiwa pana, umbo la gurudumu linasaidia, linajipanga lenyewe. Kona ikiwa kali, gurudumu linataka kunyooka na reli inalivuta pembeni. Linashika, linateleza. Linashika, linateleza. Hapo ndipo anapolia huyo ndege wako."

Alivyoeleza ndivyo zeze linavyopigwa. Uta uliopakwa utomvu unaushika uzi, unauvuta, uzi unaponyoka, unashikwa tena, na yote hayo mara mamia kwa sekunde moja. Masikio yanapokea noti moja iliyonyooka. Gurudumu linafanya kazi hiyo hiyo kwa kasi zaidi, na kwa kuwa ni duara la chuma lililo huru kuvuma, linachagua sauti zake lenyewe, nyingi zikiwa za juu sana. Bawaba kavu ni hivyo hivyo. Msumari wa Kyoto ni hivyo hivyo. Gurudumu la toroli la jana pia.

Kwa nini basi akili inasema "ndege" na haisemi "chuma"? Nimelifikiria hili kwa muda na jibu langu ni nusu la hesabu. Sikio la binadamu linasikia vizuri kuliko kote kati ya hezi 2,000 na 5,000 hivi. Tundu la sikio lenyewe, kwa urefu wake, linakuza sauti za karibu na hezi 3,000. Ndege wadogo wengi wanaimba humo na juu yake kidogo. Vitu vidogo vinavyosuguana navyo vinaangukia humo. Kwa hiyo mlio wa bawaba na wimbo wa ndege vinagonga mlango mmoja wa kichwa. Nusu nyingine si hesabu. Tukiwa nyumbani tunazifunga sauti nje, tunajua friji, tunajua mlango, tunajua feni. Safarini hatujui kitu bado, kila sauti inaingia na kukaribishwa, na aliyekaribishwa hivyo hasahauliki. Ndiyo maana naweza kukueleza mlio wa mlango wa chumba nilicholala usiku mmoja tu Kigoma, lakini sijui mlango wangu mwenyewe unalia vipi.

Handaki la kwanza lilitushtua wote. Mlio uliokuwa nje ukaingia ndani, ukuta wa kushoto ukaujibu wa kulia, na kwa muda tuliokuwa gizani walikuwa ndege wawili wanaogombania tawi. Tulipotoka mwanga ukatupofusha na yule wa pili akatoweka.

"Sisi tulikuwa tunazijua kona kwa majina," mzee akasema. "Usiku, kwenye kiberenge, huoni kitu. Lakini unasikia. Ile moja baada ya daraja tuliita Kanga, kwa sababu ilikuwa inakwaruza, kra-kra-kra, haikulia vizuri hata siku moja. Nyingine ilikuwa Kifaranga. Ikipakwa grisi inanyamaza, na ikinyamaza tunapotea, hatujui tumefika wapi." Akanywa chai. "Tukilalamika kwa bosi, anasema nyie watu wa ajabu, mnataka reli ilie?"

Nilimwuliza kama Kanga bado yupo. Alinyamaza akisikiliza kona tatu nne, kiganja juu ya meza. "Wamebadilisha reli hapo katikati," akasema hatimaye. "Huyu wa sasa simjui."

Kulia niliandika: treni ya usiku Mombasa–Nairobi, ile ya reli nyembamba, ikipanda kutoka pwani kuelekea Mazeras. Ilisimama 2017 ilipoanza SGR ya Kenya. Nakumbuka kengele ya kuitia chakula, mhudumu akitembea nayo koridoni, na chini yake tsiiii hiyo hiyo, ya Mwingereza badala ya Mchina. Nimepanda pia SGR ya Dar–Dodoma iliyoanza 2024. Ni ya haraka, ni safi, reli zimeunganishwa bila mapengo na kona zake ni pana, na sina neno baya la kusema juu yake. Lakini sikuona safari nyingine yoyote ikinijia kichwani mle ndani. Nilifika tu.

Upande wa dirisha la kaskazini misitu ya Udzungwa ilikuwa inaonekana na kupotea. Hao ndege wa kweli wa mle wana kisa chao. Mwaka 1991 watafiti waliokuwa kambini huko waliona miguu ya ndege ndani ya sufuria ya mchuzi, wakaitazama vizuri, wakakuta haifanani na ya kwale yeyote wanayemjua. Ndivyo kwale wa Udzungwa alivyoingia kwenye sayansi, kwa mlango wa jikoni, na ndugu zake wa karibu wakaonekana kuwa wako Asia. Wenyeji waliokuwa wakimla bila shaka walimfahamu kwa sauti. Na kule bondeni tulikopita usiku yupo mnana wa Kilombero, ambaye hajulikani kuishi kwingine duniani. Wanasayansi walimkuta 1986 tu, yaani treni ilishampigia kelele zaidi ya miaka kumi.

Mzee alishuka Makambako. Alinishika mkono, akaniambia nikirudi nikae upande wa kulia, kona zinasikika vizuri zaidi. Sijui kama ni kweli au ni utani wa mafundi.

Baada ya hapo ni tambarare, baridi, mahindi, na reli imenyooka. Ndege wa chuma walilala. Karibu na Uyole, kwenye takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, njia inafika kimo chake cha juu kabisa, na huwezi kujua kama hujaambiwa.

Jumapili. Mbeya

Pumziko. Mji una ubaridi wa kuvaa koti saa sita mchana.

Sauti moja tu ya kuandika. Nilikuwa nakunywa chai, simu ya mhudumu ikalia kwa mlio wa kununua, kuku, au kifaranga: piyo piyo, piyo piyo. Nikajikuta nimeinua mguu kutaka kuvuka barabara.

Kwenye vivuko vingi vya Tokyo, taa ya waenda kwa miguu ikigeuka kijani, nguzo inalia. Mahali pengi kuna milio miwili, kifaranga na kekeo wa Ulaya na Asia, yule anayeita kak-koo, na kila mmoja amepewa mwelekeo wake. Asiyeona anajua si tu kwamba avuke, bali anavuka kuelekea wapi. Ndani ya baadhi ya stesheni za treni kuna ndege wa kurekodiwa wanaolia penye ngazi, kwa sababu hiyo hiyo. Siku ya kwanza nilitafuta kiota kwenye paa la stesheni, na sikuwa peke yangu, kulikuwa na mtalii mwingine ametazama juu. Waliochagua sauti hizo walijua kitu. Honi ingesikika pia, lakini nani angeweza kuishi ghorofa ya pili juu ya honi?

Mhudumu alipokea simu. Alikuwa mama yake.

Jumatatu. Kuelekea Tukuyu

Barabara ya kwenda Tukuyu inapanda milima ya Uporoto kisha inaanguka kwenye kijani. Upande wa kushoto mlima Rungwe, unaokaribia mita 3,000, ulikuwa umejifunika mawingu na haukujifunua siku nzima. Chini ni migomba, chai, migomba tena.

Hiace yetu ilikuwa na fenibelti iliyolegea. Kila dereva akikanyaga mafuta baada ya kusimama, injini inaanza na mlio mkali unaoshuka: tiriririri. Chiriku, nikaandika, kundi zima. Upande wa kulia sikuandika safari moja, niliandika "zote". Ni mlio wa alfajiri ya stendi yoyote niliyowahi kuondokea, ukiambatana na ubaridi wa kiti na sauti ya konda akihesabu vichwa.

Konda wetu naye alikuwa na mluzi wake. Mmoja mrefu, simama. Miwili mifupi, twende. Anaupiga kwa ulimi na meno, mikono ikiwa imeshika mlango na noti. Kwenye kituo cha kati alishuka kubeba mzigo wa mama mmoja, ndege fulani juu ya mkuyu akapiga miwili mifupi, na dereva akaondoa gari. Abiria tulipiga kelele. Konda alikimbia nyuma yetu akimtukana ndege, dereva na ukoo wa dereva, kwa mpangilio huo.

Jioni Tukuyu ilinyesha, kama inavyonyesha sana huku, na kabla haijanyesha nilisikia sauti iliyopindua daftari langu. Ilitoka kwenye kichaka cha nyuma ya nyumba ya wageni: du-du-du-du-du-du, ikishuka, ikijaa, halafu ikipanda kidogo mwishoni. Dudumizi. Ndege mkubwa wa kahawia mwenye mkia mzito, anayetambaa vichakani kuliko anavyoruka, na ambaye watu wengi wanasema akiita mvua iko njiani. Mlio wake ni maji yanayomiminwa kutoka kwenye chombo chenye shingo nyembamba. Maji yakitoka, hewa inaingia kwa mafunda, na kila funda ni "du" moja. Chombo kinavyoachia nafasi, sauti inabadilika.

Sasa huyu niweke wapi? Ni ndege kweli, anayefanana na kitu. Nilimwandika juu ya mstari wa katikati, nusu huku nusu kule, kwa sababu safari aliyonirudishia ilikuwa kamili hadi harufu. Mlima Kitonga, basi limesimama pembeni, joto linatoka mbele kwa mvuke, utingo amepanda juu ya bampa na dumu la maji la lita ishirini, anamimina kwenye rejeta. Du-du-du-du-du. Abiria wamekaa kwenye kingo za barabara wakitazama bonde. Kuna bibi aliyegawa machungwa kwa watu asiowajua. Miaka imepita na sikumbuki nilikuwa naenda kufanya nini Iringa, lakini machungwa yale na dudumizi yule wa plastiki ninavyo.

Jumanne. Matema

Kutoka Tukuyu unashuka hadi Kyela, joto linarudi, koti linaingia kwenye begi. Halafu Ipinda, halafu Matema, na ghafla kuna ufukwe wa mchanga, milima ya Livingstone imesimama wima majini, na ziwa lisilo na ng'ambo. Ng'ambo ipo, ila siku ya ukungu huwezi kumshawishi mtu. Ziwa Nyasa lina urefu wa zaidi ya kilomita 550 na kina kinachofika takriban mita 700.

Furukombe alilia mara tu nilipoweka begi chini. Sauti ile ya kurusha kichwa nyuma na kupasua anga sikuiandika, kwa sababu ni ya ndege wa kweli na haifanani na kitu kingine isipokuwa yeye.

Mchana niliandika mbili.

Ya kwanza ni bembea. Wamefunga kamba kwenye tawi la mwembe, watoto wanabembea, na kamba inasuguana na gome: kwiik... kwaak... kwiik. Nikawa Lamu, kwenye jahazi, nahodha ameamuru tanga lipandishwe. Wanaume wanne wanavuta henza, kamba ya kupandishia tanga, foromali, ule mti unaobeba tanga, inapanda kwa vipande, na juu kabisa ya mlingoti roda kavu, puli inayopitisha kamba, inalia kila mvuto. Shakwe wawili walikuwa wakizunguka nyuma yetu, na wao wakalia, na kwa muda nisingeweza kuapa ipi ni roda na ipi ni shakwe. Nahodha hakupenda. Alimwambia kijana apande akapake mafuta. Kijana alipanda akapaka, roda ikanyamaza, shakwe wakaondoka. Pengine ni bahati tu, au walikuwa wameona samaki kwingine.

Ya pili ni ya mtoto mmoja wa kiume, umri wa darasa la pili hivi, aliyekuwa na chupa tupu ya soda. Alikuwa akipuliza juu ya mdomo wa chupa bila kuingiza pumzi ndani: huuu, huuu. Tetere kabisa, na tetere wa kweli aliyekuwa kwenye mnazi alinyamaza kusikiliza mpinzani. Hapa hakuna msuguano wa chuma wala mbao. Hewa iliyo ndani ya chupa inasukumwa na kurudi, na chupa kubwa inatoa sauti nzito. Njiwa na jamaa zake wanafanya karibu hivyo: wanalia mdomo umefungwa, wanajaza koo hewa hadi linavimba, na sauti inatoka kupitia ngozi ya shingo. Ndiyo maana mlio wa tetere unausikia kama uko mbali hata akiwa juu ya kichwa chako. Nilimwonyesha mtoto kwamba akiweka maji kidogo sauti inapanda. Akaenda ziwani akarudi na chupa imejaa hadi shingoni, akapuliza, ikatoka filimbi kali. "Huyu siyo njiwa tena," akaniambia kwa kulaumu, akamwaga yote.

Karibu na machweo mtumbwi ulitoka upande wa Ikombe umejaa vyungu. Wafinyanzi wa Kikisi wanajulikana pande zote hizi, na vyungu vyao huletwa sokoni kwa maji. Mama mmoja mnunuzi alikuwa akivigonga kimoja kimoja kwa kifundo cha kidole, sikio limeinama. Kilichoiva vizuri kinajibu ting. Chenye ufa usioonekana kinajibu tak, na hicho anakirudisha bila maelezo. Nilimsogelea kusikiliza. Aliniuliza kama nanunua, nikasema nasikiliza tu, akanitazama kidogo halafu akaendelea na kazi yake.

Jumatano. Matema, asubuhi

Saa kumi na mbili kasorobo niliamshwa na mluzi. Wa mtu, bila shaka: noti tatu, ya mwisho imevutwa juu, mluzi wa kuita. Ukarudiwa. Nikasikia kucha za mbwa zikikimbia kwenye varanda ya saruji, kisha zikasimama.

Nilitoka. Mbwa wa pale, mweupe mwenye sikio moja lililolala, alikuwa amesimama uani akitazama kushoto na kulia. Hapakuwa na mtu. Mluzi ukatoka tena, juu ya uzio wa michongoma, na pale alikuwapo ndege mwenye kifua cha rangi ya chungwa na nyusi nyeupe, mkia unamtetemeka. Kurumbiza. Jamii hiyo ni waigaji hodari. Wanaokota nyimbo za ndege wengine, na wakikaa karibu na watu wanaokota miluzi ya watu.

Mlinzi alitokea nyuma ya tangi la maji na mswaki mdomoni.

"Shikamoo mzee. Huo mluzi ni wako?"

"Marahaba. Ulikuwa wangu," akasema, akatema povu. "Namwita Simba ale. Huyu mjinga akausikia wiki moja tu, akauchukua. Sasa kila alfajiri anamwita mbwa wangu, mbwa anakuja, hamna chakula."

"Na wewe ukimwita?"

"Haji." Akamtazama mbwa, mbwa akaitazama michongoma. "Anadhani ni ndege."